Joto la Rundo la Muhogo

Baba hakuwahi kuwa mlaji mkubwa, lakini baada ya arobaini ya mama aliacha kula kwa namna iliyonitia hasira kwanza, hofu ikaja baadaye. Hakukataa chakula. Angekataa ningejua pa kuanzia ugomvi. Alinawa mikono, akasema bismillahi, akamega tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwani, na kulitafuna mpaka mimi niliyekaa mbele yake nikachoka taya. Kisha akanawa tena. "Alhamdulillahi, nimeshiba," alisema, na sahani ilikuwa karibu vilevile nilivyoipakua.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo wanafunzi wangu wanalijua. Nafundisha biolojia katika shule ya sekondari pale Mwanga, na mama alipofariki nilifunga virago nikarudi kwenye nyumba yetu ya Ujiji ili baba asibaki peke yake. Sina mume wa kuniuliza nimelala wapi, kwa hiyo uamuzi haukuwa mgumu. Kilichokuwa kigumu ni kumtazama mzee anapungua. Kola za mashati yake zikawa pana. Saa yake ya mkononi ikaanza kuteleza hadi kwenye kiwiko kila alipoinua mkono kuitikia salamu ya mpita njia.

Kaka yangu, mkubwa wetu, anaishi Dar es Salaam. Alikuwa akinipigia simu kila jioni, na swali lake lilikuwa moja tu: "Baba anakula?" Mwanzoni nilidanganya. Baadaye nilichoka kudanganya nikamwambia ukweli, naye akasema likizo ya shule ikianza atakuja kumchukua. Kwake kuna hospitali karibu, kuna wajukuu, kuna televisheni kubwa. Kama baba hajarudia hali yake ya kula kufikia siku hiyo, ataondoka naye.

Sikuwa na ubaya na Dar es Salaam, lakini baba ni mtu wa hapa. Ujana wake wote alikuwa fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, na hata alipostaafu alikuwa akijua boti ipi imepita kwa kuusikia mlio wake akiwa kitandani. Niliamini kwa moyo wangu wote kwamba tukimng'oa hapa atakwisha. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akanijibu bila kuniangalia: "Nipelekeni popote." Huyu ni mtu aliyewahi kununa kutwa nzima kwa sababu tulikihamisha kiti chake kutoka upande mmoja wa baraza kwenda mwingine. Lile neno "popote" lilinitisha kuliko kola za mashati.

Siku moja tu alitoa lalamiko, nami nikalidaka kama mwenye njaa. Alilinusa tonge akasema, "Ugali huu hauna harufu." Basi. Ulikuwa ugali wa unga wa makopa, muhogo uliokatwa na kukaushwa juani, wa kununua sokoni Mwanga. Ugali mzuri tu, mweupe kama karatasi. Lakini mama hakuwahi kutupikia huo. Mama alikuwa akipika ugali wa muhogo wa kuvundika, wenye rangi ya kijivujivu na harufu ambayo mgeni huikunjia uso na mwenyeji huifuata hadi jikoni.

Kazi yenyewe aliifanya uani, nyuma ya jiko. Alimenya muhogo mchungu, akauacha upigwe na jua kidogo ukauke ngozi, kisha akaurundika juu ya jamvi kuukuu na kuufunika kwa majani ya mgomba na gunia. Baada ya siku chache ulikuwa umeota manyoya. Kuvu jeupe lililochambuka kama pamba, lenye vidoa vyeusi, na huku na kule rangi ya chungwa kana kwamba mtu amenyunyiza mawese. Aliyakwangua manyoya hayo kwa kisu, muhogo ukabaki laini kiasi cha kuvunjika kwa vidole, akauvunjavunja na kuuanika, ukakauka, ukasagwa. Ule uliokuwa mgumu kama kuni ulikuwa sasa unamwagika kama mchanga wa ufukweni.

Nikasema kumbe jambo lenyewe ndilo hili, mbona rahisi. Nikamwita shangazi, dada yake baba, anayeishi mtaa wa pili. Yeye ameacha kuvundika miaka mingi, ananunua unga kama watu wote, ila mikono yake haijasahau. Tukanunua muhogo mchungu, tukamenya, tukaanika, tukashusha jamvi la mama kutoka darini, tukarundika, tukafunika. Baba alikuwa barazani, hakugeuza hata shingo.

Tulipofunua, niliruka nyuma. Hapakuwa na manyoya. Palikuwa na utelezi, na maji ya kijani yaliyotuama katikati, na harufu ambayo si ile ya jikoni kwa mama wala ya jikoni kwa mtu yeyote. Shangazi alishika kiuno. "Huu umeoza, haukuvunda," alisema. Tukautupa shimoni tukachoma majani. Niliukasirikia muhogo, nikamkasirikia muuza muhogo, nikamkasirikia na shangazi ambaye hakuwa na kosa lolote, au ndivyo nilivyodhani wakati ule.

Jibu lilinijia darasani, ubao ukiwa nyuma yangu. Nilikuwa nafundisha ukuta wa seli ya mmea. Huwa nawaambia wanafunzi wafikirie nyumba ya miti na udongo, maana wengi wao wameiona ikijengwa. Selulosi ndiyo miti na fito. Hemiselulosi ndizo kamba zinazozifunga fito zisiachane. Pektini ndiyo udongo uliokandikwa katikati. Na vyote hivyo, miti, kamba na udongo, ni sukari. Si sukari ya kuweka kwenye chai, ni sukari iliyoshikana mkono kwa mkono katika minyororo mirefu, imefungwa kwa kufuli ambazo tumbo la mwanadamu halina ufunguo wake. Mtu anaweza kutafuna mti kutwa nzima akalala njaa.

Kuvu ndilo lenye funguo. Hapo mimi hupandisha sauti, najijua, wanafunzi huanza kucheka maana wanajua mwalimu ameshaingia kwenye mambo yake. Kuvu halina mdomo wala meno wala tumbo. Linatuma nyuzi zake nyembamba katikati ya seli, na kwenye ncha za nyuzi linamwaga vimeng'enya. Kipo kimeng'enya cha udongo, kipo cha kamba, vipo vya fito, na hata hivyo vya fito vimegawana kazi: kimoja hukata mnyororo katikati, kingine hutafuna kutoka mwishoni, cha tatu huvunja vile vipande viwili viwili vilivyobaki ili sukari itoke moja moja. Hakuna kinachoingilia kazi ya mwenzake. Kuvu linapika nje ya mwili wake, kisha linakunywa mchuzi. Nimelifundisha jambo hilo miaka na miaka na bado sijalizoea.

Mwanafunzi mmoja wa mbele akauliza, "Na kuvu lenyewe linatoka wapi, mwalimu?" Nikamjibu kama kitabu kinavyosema, kwamba mbegu zake ziko hewani, ziko udongoni, ziko kwenye vyombo vilivyokwisha kutumika. Neno "vyombo" lilipotoka mdomoni nikaliona jamvi la mama mbele ya darasa zima.

Lilikuwa jeupe. Tulipolishusha kutoka darini lilikuwa jeupe, na mimi nililijua jamvi lile tangu nikiwa mtoto likiwa jeusi kama sufuria ya kuni. Shangazi alilifua. Siku ya arobaini, baada ya khitma, wanawake walisafisha nyumba nzima kama inavyopasa, wakafua mapazia na mashuka, na shangazi aliyempenda wifi yake kuliko dada wa tumbo moja akalishusha jamvi lile akalifua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akalianika juani, akaligeuza, akalianika tena. Halikuwahi kuwa safi vile. Kwenye ule weusi ndiko mama alikokuwa amelilea kuvu lake miaka yote, rundo kwa rundo, nasi tuliliaga pamoja naye bila kujua.

Nilimwambia shangazi jioni ile, tena kwa upole, maana nilimwona alivyokuwa akilishika lile jamvi. Alilia. Nami nikalia, na ilikuwa mara ya kwanza tunalia pamoja tangu mazishi, tena kwa ajili ya jamvi. Tulipomaliza akajifuta kwa kanga akasema jambo ambalo angelisema siku ya kwanza tungeokoa muhogo. "Lakini mama yako aliligawa lile kuvu."

Alikuwa anasema kweli. Katika ukoo wa mama, msichana akiolewa hapewi sufuria na vitenge tu. Hupewa vipande vya muhogo vyenye manyoya, vimefungwa kwenye jani la mgomba, avipachike katikati ya rundo la kwanza atakalorundika kwake. Mimi sikupewa kwa sababu inayojulikana. Ila binti wa mama mdogo, aliyeolewa Kagunga kule mpakani na Burundi, alipewa na mama kwa mkono wake mwenyewe, nilikuwepo.

Nikampigia simu. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za watoto na za uvuvi, kisha nikamuuliza kama bado anavundika. Alicheka. "Sasa dada, tutakula nini?" Nikamweleza shida yangu. Hakuniuliza maswali mawili. Alisema ana rundo lenye siku mbili, limeota vizuri, atajaza kapu zima alifunge na kulipandisha kwenye boti ya kesho. "Ila atakayelipokea asilichelewe. Likikosa hewa linajichoma."

Kesho yake nilikuwa na mtihani wa kusimamia. Shangazi miguu ilikuwa imemvimba. Nikabaki na baba, ambaye tangu mazishi alikuwa hajavuka mtaa isipokuwa kwenda msikitini. Nikamwambia kuna mzigo Kibirizi unatoka Kagunga, nami sina mtu. Nilitarajia aniambie mwachie bodaboda yeyote. Akauliza, "Boti ya nani?" Nikamwambia simjui mwenyewe. Akakataa kwa lugha ya kwao, "Oya, mzigo hauachwi Kibirizi bila kujua boti," na asubuhi nilipotoka nilimwacha akitafuta viatu.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, na kapu alikuwa amelipakata mapajani kwa mikono miwili. Shikamoo yangu aliiitikia haraka haraka.

"Mama," aliniita hivyo, kama anavyoniita akiwa na neno, "waliuweka wapi mzigo huu njiani?"

"Sijui, baba. Kwani umelowa?"

"Una joto. Nilifikiri wameuweka juu ya mashine. Nikamfokea nahodha mbele za watu. Anasema ulikuwa mbele kabisa, kwenye upepo. Nikamwambia ni mwongo. Nimekaa nao hapa tangu adhuhuri na haupoi."

Niliweka mkono. Kweli, majani ya mgomba yalikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Nikamwambia haupoi kwa sababu uko hai. Kuvu linafanya kazi humo ndani, na kazi hutoa joto. Aliuondoa mkono wangu akaweka wake, akafumba macho. Nimemwona akifanya vile mara nyingi utotoni, kiganja juu ya mashine ya boti, akisikiliza kwa ngozi. Akasema, "Inawaka hii," na uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mama afe.

Tulirundika siku ileile, shangazi akiwa amekaa kwenye kigoda anatoa amri. Jamvi lilelile jeupe, muhogo mpya, na vipande vya Kagunga vimepachikwa katikati na pembeni. Baba alisimama akituangalia, kisha akaona tunavyorundika ovyo, kwa macho yake yeye. Alisema mizizi imekaa kama kuni za harusi, hewa itapita wapi. Akachuchumaa. Mwanamume wa Ujiji, fundi mstaafu, mwenye kanzu, akachuchumaa kwenye rundo la muhogo uani na kuanza kuipanga mizizi mmoja mmoja, akiacha nafasi.

Shangazi alimtazama. "Kaka, tangu lini wewe ukawa mwanamke wa kuvundika?"

"Tangu mlipofua jamvi," alijibu baba bila kuinua kichwa. Shangazi alicheka hadi kigoda kikayumba, nami nikashukuru kimoyomoyo, maana kuchekwa kulikuwa bora kuliko kuhurumiwa.

Kuanzia hapo akawa na kazi. Asubuhi baada ya swala alikwenda uani, akapitisha mkono chini ya gunia. Mchana tena. Jioni niliporudi kutoka shule alinipa taarifa kabla sijavua viatu: limeanza kupata joto upande wa ukuta, upande wa mfereji bado. Ningekuwa mpumbavu ningesema hiyo ni kazi ya kumpotezea muda mzee. Sikuwa mpumbavu kiasi hicho. Nilivuta kigoda nikakaa naye karibu na rundo, nikamweleza kinachotokea humo ndani, kama ninavyowaeleza wanafunzi, ukuta na fito na kamba na udongo.

Aliniuliza maswali ambayo darasani hayaulizwi. Alitaka kujua kwa nini kimeng'enya cha udongo kisikate na kamba, kiokoe muda. Nikamwambia kila kimoja kina umbo lake, nalo linashika kifundo cha aina moja tu. Alitikisa kichwa taratibu, akaingia ndani, akarudi na sanduku lake la spana lililokuwa na vumbi. Akazipanga kwenye saruji, ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na tatu. "Ego, ndiyo," alisema, "kila nati na spana yake. Ukilazimisha, unaua nati." Kisha akauliza nani aliyelifundisha kuvu. Nikamwambia hakuna, limejaribu kwa zama nyingi mno, lisiloweza likafa njaa. Alisema Mungu ni fundi.

Nikamweleza na habari ya sumu, maana hiyo ndiyo inayonishangaza zaidi. Muhogo mchungu huiweka sumu yake katika chumba kimoja, na kitu cha kuifungua hukiweka kwenye ukuta wa chumba. Mnyama akitafuna anavunja ukuta, viwili hivyo vinakutana mdomoni mwake, na sumu inamtokea. Ni mtego. Kuvu linavunja kuta zilezile, lakini polepole, seli baada ya seli, nje ya mdomo wa mtu, na sumu inapofunguka inakuwa hewa. Wakati wa kufunua na kuvunjavunja na kuanika, inapaa inakwenda zake. Mtego unateguka bila kumnasa mtu. Baba alilitazama rundo muda mrefu, kama mtu anayemtazama fundi mwenzake aliyemzidi.

"Mama yako alikuwa anajua hayo?" aliuliza.

"Alijua kwamba usipouvundika unaumwa," nilisema. "Na alijua ukilainika hivi ni tayari." Nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hakuwahi kuniambia."

"Uliwahi kumuuliza?"

Aligeukia rundo. Niliona nimemkata, nikajutia ulimi wangu. Lakini baadaye kidogo alisema kwamba miaka yote alikuwa akipita karibu na rundo lile kwenda kuoga, akilikwepa asichafue kanzu, na hakuwahi hata siku moja kuweka mkono. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kisha akapitisha mkono chini ya gunia akauacha humo.

Tulipofunua, manyoya yalikuwepo. Meupe, marefu, yamelala upande kama manyoya ya paka, na vile vidoa vyeusi, na ile rangi ya chungwa pembeni. Shangazi alipiga kigelegele kimoja kifupi akakikatiza, akikumbuka kwamba nyumba bado ina msiba. Tulikwangua, tukavunja, tukaanika. Baba alilinda kuku kwa fimbo. Unga ulipotoka mashineni nilisonga ugali, na harufu ikajaa jikoni, ikatoka barazani, na jirani aliyekuwa akipita akauliza kwa sauti nani anapika kwa marehemu.

Baba alikula. Ningependa kusema alimaliza sahani, ila hakuimaliza. Alikula matonge machache zaidi ya kawaida, akakaa na tonge la mwisho mkononi akilinusa kabla ya kulitia mdomoni, na machozi yakamtoka bila yeye kujisumbua kuyafuta. Nilikuwa nimeweka matumaini yangu yote kwenye sahani ile, na nilipoiona haijaisha nilivunjika moyo. Nikaenda kuosha vyombo kwa kelele. Niliporudi kumtafuta nikamkuta uani, amelowesha jamvi, anamenya muhogo. Alisema vipande vyenye manyoya alivyoviweka kando haviwezi kukaa, vikikauka kazi yote ya Kagunga imepotea. Lazima kuwe na rundo jingine mara moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Rundo moja halijafunuliwa, yeye anatafuta muhogo wa linalofuata. Alianza kwenda Kibirizi kuuliza nani anatoka shamba na nini, akikutana na wenzake wa zamani, akirudi na habari na dagaa. Watani wake walimwita bibi wa muhogo. Aliwajibu matusi ya heshima. Na anayezunguka hivyo njaa humuuma, akitaka asitake. Sahani zilianza kuisha bila mtu kuzitazama, na siku moja niliona saa imetulia mahali pake kwenye mkono.

Kaka alifika likizo ilipoanza, na sanduku tupu la kupakia nguo za baba. Tiketi alikuwa amekwisha kukata, mbili. Ni mtu mwema, kaka yangu, ila ana haraka za mjini. Alimwamkia baba, akamkagua kwa macho, akaona si yule niliyemwelezea kwenye simu. Hata hivyo alisema mpango ni mpango, huko kuna madaktari. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimelirundika jana," alisema. "Subiri liive."

Kaka akabadilisha safari. Liliiva, likafunuliwa, tukala. Jioni ya kabla ya safari kaka alitoka uani kunawa, akakuta rundo jipya limefunikwa kwa majani mabichi. Akanijia jikoni amekasirika, akidhani mimi ndiye ninayemchezea. Nikamwambia mimi nilikuwa nasonga ugali, amuulize mwenyewe. Baba alikuwa amechuchumaa pale na mkono chini ya gunia. Kaka akafungua mdomo kuanza hotuba, na baba akamshika mkono akauingiza pale ulipokuwa wake.

Kaka alibaki ameinama na suruali yake safi. Nilimwona anataka kuutoa mkono, kisha hakuutoa. Kaka yangu hakulia kwenye mazishi ya mama. Alikuwa na shughuli nyingi, watu wa kupokea, maturubai, sanda. Alikaa vile mpaka adhana ya magharibi ikaita, na baba akamwambia twende tukaswali. Asubuhi aliondoka peke yake, sanduku limejaa unga wa muhogo, nguo zake mwenyewe kazibeba kwenye mfuko wa rambo.

Bado anapiga simu kila jioni, ila siku hizi hanipigii mimi. Anampigia baba, na haulizi kama amekula. Anauliza, "Lina joto?" Baba anaweza kuwa ametoka uani dakika ileile, mikono bado inanuka, lakini hajibu papo hapo. Anasimama, anatafuta ndala, anatoka na simu sikioni, anapitisha mkono chini ya gunia, anasubiri. Kisha ndipo anamjibu mwanawe kwamba lina joto.